Supape zimerekebishwa, gari inatetemeka: mambo ya kuangalia mbele ya kununua motere ingine

Gari inaingia garaji juu ya kelele ndogo ya tak-tak. Fundi anafungua kifuniko cha motere, anarekebisha supape, anafunga. Kiisha siku mbili mwenye gari anarudi na malalamiko mapya: motere inatetemeka ikisimama, inashindwa kupanda Muhumba na watu wanne ndani, na esansi inaisha mbio. Hapo wengine wanamwambia motere imekufa, atafute dola za kununua ingine.

Mara nyingi haijakufa. Lakini magari mengi ya Bukavu hayako tena vile yalivyotoka kiwandani. Toyota Corolla za miaka ya 1990 zilitoka Japani na volani upande wa kulia, na zingine zikahamishiwa volani kushoto, sababu Kongo magari yanapita kulia mwa barabara. Zingine zilibadilishwa hata motere. Gari ya namna hiyo inaomba uchunguzi wake.

Supape ni mlango mdogo wa silinda: mmoja unaingiza hewa na esansi, mwingine unatoa moshi. Chuma kikipata moto kinarefuka. Ndiyo maana fundi anaacha nafasi ndogo juu ya kila supape, na ile ya kutoa moshi inapewa nafasi kubwa zaidi juu inapata moto zaidi. Kwa motere nyingi za Corolla za wakati ule ni karibu milimita 0,20 upande wa kuingiza na 0,30 upande wa kutoa. Inapimwa motere ikiwa baridi kabisa, yaani gari imelala usiku mzima. Fundi anayepima nusu saa tu kiisha gari kufika anapata namba ya uongo.

Kitu ambacho watu wengi hawajui: kelele siyo adui mkubwa. Nafasi ikiwa kubwa, supape inapiga tak-tak na kila mtu anasikia. Nafasi ikiwa ndogo sana, motere inanyamaza vizuri, mwenye gari anafurahi, kumbe supape haifungi tena mpaka mwisho. Moto unapita pembeni yake na kuiunguza polepole. Gari iliyotoka garaji kimya kabisa, lakini inatetemeka ikipata moto na inakataa kuwaka tena kiisha safari, ndiyo ya kurudisha haraka.

Kama motere ilibadilishwa, namba ya kufuata ni ile iliyoandikwa kwenye motere yenyewe, siyo ile ya kwenye karatasi za gari. 4A, 5A na 7A zinafanana kwa macho, lakini siyo motere moja.

Mbele ya kufungua tena supape, waangalie kwanza vitu ambavyo mkono wa fundi uligusa. Nyaya za buji zinaweza kuwa zimepishana: kwenye motere hizi silinda zinawaka kwa mpango wa 1-3-4-2. Mpira unaoziba kifuniko ukikaa vibaya, mafuta yanashuka ndani ya mashimo ya buji na silinda moja inalala. Na kama fundi alitoa vile vyuma virefu vyenye vinundu vinavyosukuma supape, mkanda unaweza kuwa umeruka jino moja. Jino moja linatosha kuondoa nguvu yote ya mpando.

Kiisha kuna mpira wa servo ya freni, na hapa mambo si ya kucheka. Servo inasaidia mguu kwa kuvutwa na hewa ya motere. Volani ikihamishwa, servo nayo inahama upande, na mpira wa zamani haufiki tena. Kuna wanaounganisha kipande cha mpira wa kawaida, ule wa maji. Unapata moto, unalegea, unajibana ao unapasuka, na kila mara mtu akifungua motere unavutwa na kusukumwa. Ukivuta hewa ya nje, ralanti inapanda na kushuka sawasawa na motere yenye supape mbaya. Fundi anafungua supape mara ya pili na ya tatu bila kupata kitu. Wakati huo huo pedali ya freni inakuwa nzito, na gari inateremka Muhumba kuelekea ziwa.

Kupima ni bure. Motere ikiwa imezimwa, kanyaga freni mara tano ao sita mpaka pedali iwe ngumu. Ishike chini, kiisha uwashe. Pedali inapaswa kushuka kidogo chini ya mguu. Kama haishuki, gari isitoke. Kwa kutafuta tundu, maji ya sabuni yanatosha: yakimwagwa kwenye mpira, sauti ya motere inabadilika mahali penye tundu. Kamwe wasimwage esansi juu ya motere ya moto, hata kama jirani anafanya hivyo.

Yote hayo yakiwa sawa, inabaki kupima presha ya silinda. Bukavu iko karibu mita 1 500 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi. Kitabu kinachosema bari 13 kinazungumzia hewa ya pwani. Hapa bari 11 inaweza kuwa ya motere nzima kabisa. Cha maana ni silinda zote nne zikaribiane. Moja ikiwa chini sana, mwaga ndani yake kijiko kimoja cha mafuta ya motere, upime tena. Presha ikipanda, shida iko kwenye ringi za pistoni. Ikibaki vile vile, mara nyingi ni supape, na supape iliyoungua inabadilishwa peke yake, kiti chake kikasagwa, bila kununua motere.

Mwenye gari anayelipa kazi hii ana haki ya kuomba karatasi yenye nafasi zilizopimwa, mbele na kiisha. Kwa motere ya supape 16, ni namba 16 kila mara.