Saratani imeondoka, pumzi haijarudi: ulemavu ukishushwa asilimia, familia ifanye nini?

Kwa familia inayoishi kwa pensheni ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), namba ya kuangalia kwenye barua ya tathmini ni 30. Ulemavu wa kudumu unaozidi asilimia 30 hulipwa kila mwezi. Ukiwa asilimia 30 au chini yake, mfanyakazi hupewa mkupuo mmoja. Kwa hiyo baba akitoka 35 na kushushwa hadi 28, nyumbani hawapotezi asilimia saba tu. Wanapoteza fedha ya kila mwezi iliyokuwa ikilipa ada.

Jambo hili liko karibu na watu wa Ruangwa na Nachingwea, mkoani Lindi, ambako dhahabu na madini ya kinywe vimeleta ajira zenye vumbi. Vumbi la mawe huwa na silika, na tangu 1997 shirika la utafiti wa saratani la WHO, IARC, limeitaja kuwa inasababisha saratani ya mapafu.

Mara nyingi utata huanzia kwenye neno moja la ripoti: amepona. Mgonjwa aliyekatwa sehemu ya pafu, akapigwa mionzi Ocean Road, Dar es Salaam, anaweza kuwa na picha safi kabisa. Lakini akipanda kilima kidogo anasimama mara tatu, na kupuliza salfa kwenye mikorosho ndiyo basi tena. Kinachofidiwa ni upungufu huo uliobaki mwilini, si uvimbe uliokwisha kutolewa.

Pingamizi la malalamiko matupu halifiki mbali. Ambatanisha kipimo cha pumzi cha karibuni, maelezo ya kazi aliyokuwa akifanya, na barua ya daktari inayosema mgonjwa anatembea umbali gani na anaweza kubeba nini. Mwombeni daktari aiandike siku hiyohiyo ya kliniki; nauli ya kurudi Dar kufuata karatasi moja inauma.

Pingamizi huanzia kwa Mkurugenzi Mkuu wa WCF, kwa maandishi. Asiyeridhika hukata rufaa kwa waziri mwenye dhamana ya kazi, kisha Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Siku zina ukomo, hivyo andikeni tarehe mliyopokea barua na mtunze bahasha yake.

Mchango wa WCF hulipwa na mwajiri, haukatwi kwenye mshahara. Mchimbaji mdogo wa Namungo anayejichimbia mwenyewe hana wa kumchangia, na vumbi analovuta ni lilelile.