Ikwalaiza na Sauti ya Hedifoni

Ikwalaiza, programu ndogo ambayo leo imo katika mipangilio ya simu nyingi bila wenye simu kuigusa, ina asili yake katika nyaya za simu na si katika muziki. Wahandisi wa simu walibaini kwamba sauti inayosafiri mbali ndani ya waya hupoteza sehemu zake nyembamba zaidi kuliko zile nzito, hata anayesikiliza akahisi kana kwamba anayezungumza naye amejifunika blanketi, na sakiti waliyoibuni ili kurejesha usawa wa sehemu hizo ndiyo iliyopewa jina lenye maana ya kisawazishi.

Kinachosawazishwa ni masafa, yaani idadi ya mitetemo ya sauti katika sekunde moja, ambayo hupimwa kwa hezi. Sikio la kijana mwenye afya husikia kuanzia hezi 20 hadi takriban 20,000. Ikwalaiza ya kawaida hugawa eneo hilo katika vitelezi kumi, kuanzia hezi 31, 62 na 125 hadi 16,000, kila kimoja kikisimamia masafa yaliyo karibu maradufu ya yale ya jirani yake. Ipo pia aina inayomruhusu msikilizaji kuchagua mwenyewe masafa anayoyataka na upana wa eneo litakaloguswa, ambayo George Massenburg aliieleza katika makala ya mwaka 1972, na ambayo ni bora zaidi kwa mwenye subira.

Hedifoni huihitaji huduma hii kwa sababu huiingiza sauti moja kwa moja sikioni, ilhali sauti ya spika hupita kwanza chumbani na kugonga mabega na kichwa, vitu ambavyo huibadilisha kabla haijafika. Mtengenezaji wa hedifoni hulazimika kukadiria mabadiliko hayo, na makadirio ya watengenezaji hayalingani, ndiyo maana wimbo uleule husikika wenye besi nzito mno katika hedifoni moja na mkavu katika nyingine.

Kosa la wengi ni kuongeza tu. Katika sauti ya kidijitali ya kiwango cha CD, kimo cha wimbi huandikwa kwa namba ambayo haiwezi kuzidi 32,767. Mtu anapopandisha kitelezi cha besi kwa desibeli 6, kimo cha wimbi la besi huwa karibu maradufu, na namba iliyokuwa 20,000 hutakiwa kuwa 40,000, jambo lisilowezekana. Kilele cha wimbi hukatwa na kubaki bapa, na sikio hulipokea bapa hilo kama mkwaruzo, ambao mwenye hedifoni huenda akaudhania kuwa ni ubovu wa kifaa chake. Dawa yake ni kushusha kwanza kiwango cha jumla kwa desibeli zilezile zilizoongezwa, au, lililo jema zaidi, kupunguza kinachokera badala ya kukuza kinachokosekana. Ikiwa herufi "s" za mwimbaji zinachoma, kwa mfano, kushusha eneo la hezi 6,000 hadi 8,000 kwa desibeli 3 mara nyingi hutosha, na sauti nzima hutulia bila ya kitu kingine kuguswa.

Sikio lenyewe nalo lina upendeleo. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson walionyesha kwamba sauti inapokuwa ndogo, binadamu husikia masafa ya chini kwa udhaifu zaidi kuliko yale ya kati, kwa hiyo mpangilio uliokolezwa besi kwa ajili ya kusikiliza polepole usiku utavuma kupita kiasi sauti ikipandishwa mchana. Udanganyifu mwingine hutokana na ukubwa wa sauti, kwani kilicho juu kidogo huonekana kizuri zaidi hata kama hakijaboreshwa, na anayelinganisha mipangilio miwili bila kusawazisha ukubwa huo atachagua tu ule wenye kelele zaidi.

Kwa hedifoni ndogo zinazozibwa ndani ya sikio, yapo matatizo ambayo ikwalaiza haiyawezi. Kipira cha mpira kisichoenea vizuri huvujisha hewa, na kwa mwanya huo besi hutoroka, kiasi kwamba mtu huendelea kupandisha vitelezi vya hezi 31 na 62 hadi mwisho bila kuridhika, ilhali kubadilisha kipira hicho kwa chenye saizi nyingine kungeirudisha besi yote, vitelezi vikiwa sifuri.