Figo Aliyezibiwa Njia

Sogeeni, wanangu. Leo msemaji ni Figo.

"Mimi nakaa mgongoni, chini ya mbavu," anasema Figo. "Tuko wawili, mimi na ndugu yangu. Usiku na mchana tunachuja damu. Tunachuja, tunachuja. Taka tunaziteremsha na maji kwa mrija mwembamba hadi kibofuni."

Siku moja mrija ukaziba. Nani kauziba?

Kichocho! Mnayajua mabwawa ya Rufiji, watoto wanakoogelea wakitoka kulinda ndege shambani? Humo wamo konokono wadogo, na ndani ya konokono hukulia kijidudu kinachopenya ngozi ya mtu. Humo mwilini kijidudu hukua kikawa mnyoo, na minyoo ikishakomaa hutaga mayai yenye mwiba. Mayai yakinasa mrijani miaka mingi, mrija hupata makovu, njia husinyaa.

"Nami naendelea kuchuja," anasema Figo. "Maji hayana pa kwenda. Navimba!"

Jaruba la mpunga likifurika, mfereji nao umeziba, mkulima wa Kibiti hufanyaje? Hutoboa tuta. Daktari naye hutoboa tuta. Hutazama kwa ultrasaundi, huganzisha mgongo, hupitisha sindano hadi ndani ya Figo, kisha mrija laini. Mkojo hutokea mgongoni, ukaingia katika mfuko wa kukusanyia. Njia hii ya sindano ilielezwa mwaka 1955 na daktari Willard Goodwin na wenzake, kule Los Angeles. Katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, tangu 2018 madaktari wetu wamekuwa wakinolewa katika kazi za namna hii na wenzao kutoka Marekani.

"Mjomba, si wangepitisha tu mpira wa mkojo kule chini?"

Ahaa! Swali la mtu mwenye akili hilo. Mpira wa chini huishia kibofuni. Kizuizi kiko juu ya kibofu. Ungetoa maji gani?

"Na minyoo inakufa?"

Mrija wa daktari hauui mnyoo. Muuaji ni prazikwanteli, vile vidonge vikubwa vichungu vya shuleni mnavyovikunjia uso. Vimezeni. Na ukikojoa damu, sema siku hiyo hiyo, usione haya. Kovu lililokwisha kukomaa halisikii kidonge. Hilo huenda likataka upasuaji.

"Na lile tundu la mgongoni, Mjomba?"

Njia ya kawaida ikifunguka, mrija wa daktari hutolewa, na tundu hujifunga lenyewe.