Fahamu: Mafua ya ndege na kuku wa Kericho na Bomet

Ni nini? Ni ugonjwa wa virusi ambavyo ndege wa majini hubeba na kueneza kwa kinyesi na mate.

Vimewahi kutukaribia? Ndiyo. Januari 2017 Uganda ilivithibitisha kwa ndege wa porini kando ya Ziwa Victoria. Kenya ikapiga marufuku kuku kutoka huko.

Binadamu je? Huambukizwa kwa nadra, hasa akigusa ndege wagonjwa. Hata hivyo, karibu nusu ya wagonjwa wa H5N1, aina moja ya virusi hivi, waliothibitishwa duniani tangu 2003 walifariki.

Ufanyeje? Kuku wakifa ghafla kwa wingi, huenda ni kideri tu, lakini usibahatishe. Usiwachinje wala kuwauza. Mwite daktari wa mifugo. Nyama na mayai yaive kabisa.