Nani Aliyekutuma?

Wanachama wenzetu, tangu tuliporudi kutoka maonyesho ya Nane Nane huko Nzuguni, Dodoma, wengi wenu mmetuuliza tumeona nini, na kama nauli mliyotuchangia imeleta faida. Suali la nauli litajibiwa katika hesabu za mwaka. Hilo la kwanza tunalijibu hapa.

Dodoma ni nchi ya Wagogo, juu kwenye uwanda wa kati, na haifanani na kwetu hata kidogo. Sisi tuna masika na vuli. Wao wana msimu mmoja tu wa mvua, na ukishapita ni jua na vumbi mpaka mwisho wa mwaka. Hulima mtama, uwele na karanga, hufuga ng'ombe, na pande za Hombolo na Makutupora wana mizabibu. Mkulima mmoja wa zabibu tuliyejuana naye maonyeshoni akatualika kijijini kwake, na bahati ikawa ni siku ya mkutano mkuu wa kijiji. Tukasalimiwa "Mbukwa", tukapewa kigoda chini ya mti.

Yafaa mjue mkutano huo ni kitu gani. Kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni kila mkaazi aliyetimia miaka 18. Si wajumbe wao, ni wao wenyewe. Halmashauri ya kijiji, yenye watu 15 hadi 25, hufanya kazi kwa niaba yao. Walakini katika jambo la ardhi imefungwa mikono. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema halmashauri haiwezi kumgawia mtu ardhi ya kijiji mpaka mkutano mkuu uridhie kwanza.

Siku ile halmashauri ilileta ombi la mtu aliyetaka sehemu ya malisho ili alime. Mwenyekiti akasoma, akasema wajumbe wote wameafiki. Bibi mmoja aliyekaa chini, fimbo yake mapajani, akauliza: "Mlipoafiki, mlimuuliza nani?" Mwenyekiti akakohoa. Maneno yakawa mengi, na ombi likarudishwa.

Hatusemi bara yote ndivyo ilivyo. Wakaazi wa mkoa huo huo, katika Operesheni Dodoma ya miaka ya 1970 na 1971, walihamishiwa vijijini kwa amri iliyotoka juu, na mwaka 1972 halmashauri za wilaya zikavunjwa nchi nzima ya bara, zisirudi mpaka 1984. Lakini leo mwenyekiti wao wa kijiji hupigiwa kura, ilhali kwetu sheha huteuliwa na Mkuu wa Mkoa. Tunalitaja tu, tupite.

Tuliporudi mjini tukapita mbele ya Bunge, na suali la yule bibi likatukumbusha mwaka 2014. Bunge Maalum la Katiba lilianza hapo mwezi wa Februari mwaka huo. Waliingia wabunge wote wa Muungano, wawakilishi wetu wote wa Zanzibar, na wajumbe 201 wa makundi mbalimbali, na katika hao, nafasi 20 zilikuwa za wakulima. Wakulima! Walakini wakulima hawakuwapigia kura. Makundi yalipeleka orodha za majina, na Rais wa Muungano, kwa makubaliano na Rais wa Zanzibar, ndiye aliyeteua.

Neno letu "kuwakilisha" limetokana na wakili, na sote tuliokaa chuoni twajua hukumu ya wakili. Ukimpa jirani mbuzi akuuzie, ukamtajia bei, hana ruhusa ya kushuka chini yake bila ya idhini yako. Wazungu wana wazo jengine. Edmund Burke aliwaambia wapiga kura wa Bristol, mwaka 1774, kwamba mbunge wanampa akili yake pia, si miguu tu ya kupeleka ujumbe. Pana haki katika maneno hayo, kwani mtu aliye mkutanoni husikia hoja ambazo sisi mashambani hatukuzisikia. (Burke mwenyewe, miaka sita baadaye, Bristol haikumtaka tena.)

Dodoma walibishana khasa juu ya jambo hili, ingawa kwa jina jengine. Wiki nzima na zaidi ziliteketea katika kupiga kura kwa siri au kwa wazi. Kura ya siri humkinga mjumbe na vitisho vya wakubwa. Kura ya wazi humwonyesha aliyemtuma. Mwisho kila mjumbe akaachiwa achague mwenyewe. Tena rasimu iliyoletwa na Tume ya Jaji Joseph Warioba iliwapa wananchi haki ya kumwondoa mbunge wao kabla ya muda wake kwisha. Katika Katiba Inayopendekezwa, iliyopitishwa mwezi wa Oktoba, haki hiyo haimo. Walioitoa, wengi wao walikuwa wabunge. Na kura ya maoni, ambayo wananchi wangeijibu wenyewe, ilipangwa iwe tarehe 30 Aprili 2015, ikaahirishwa.

Basi tusicheke ya wenzetu. Mwaka jana sisi katibu wenu tulikwenda mkutano mmoja mjini, tukakubali kwa niaba yenu kwamba kila mkulima ajinunulie majamvi mapya ya kuanikia karafuu. Tuliona ni jambo jema, karafuu ya sakafuni huchafuka. Hatukuuliza tawi hata moja, na tuliporudi tulisema tu kwamba mkutano ulikwenda vizuri. Wenye mikarafuu michache, ambao bei ya jamvi kwao ni mzigo, walipata khabari wakati wa mavuno.

Kwa hiyo tunaleta hoja mbele ya mkutano mkuu. Mjumbe yeyote wa chama apewe wasia wa maandishi na matawi kabla ya kuondoka. Akirudi, asome ripoti yake tawini katika siku 14. Na mkutano mkuu uweze kumwondoa kwa wingi wa kura, akiwemo katibu. Matawi yatume maoni yao mapema. Hoja hii ni ya pili katika ajenda, na ya tatu ni majamvi.