Fedha za Makampuni na Shule za Elimu Maalumu: Mfano wa Sydney (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza namna serikali zinavyogharimia elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu. Leo tutazame mfuko wa makampuni. Nimeuchagua mji wa Sydney, Australia, kwa sababu huko historia ya ufadhili huu ni ndefu na imeandikwa.

Waliotangulia hawakuwa wafanyabiashara. Thomas Pattison, kiziwi aliyehamia kutoka Uskoti, alifungua shule ya watoto viziwi mjini humo mwaka 1860. Taasisi iliyotokana nayo ingali hai, na sasa inaitwa NextSense. Mwaka 1945 Neil na Audrie McLeod, wazazi wa binti mwenye mtindio wa ubongo, pamoja na wazazi wenzao walifungua kituo cha tiba na masomo kitongojini Mosman. Wazazi wenyewe walifanya kazi humo.

Fedha za biashara zilifuata, tena kwa njia inayostahili kuelezwa kwa kituo. Bernard Dowd, ambaye kampuni yake iliuza nguo za ndani za wanawake, ndiye aliyekuwa akiendesha shindano la Miss Australia. Mwaka 1954 shindano hilo likawekwa mikononi mwa kile kituo cha Mosman. Washiriki walizunguka wakichangisha, makampuni yakadhamini, na hadi lilipokoma mwaka 2000 lilikuwa limeingiza mamilioni ya dola. Watoto wengi walipata tiba na masomo kwa fedha hizo, na hilo halipingiki.

Lakini tazama jinsi zilivyopatikana. Mwili unaosifiwa kuwa hauna kasoro ulipandishwa jukwaani ili watu wamwonee huruma mtoto ambaye mwili wake haumtii. Mwaka 1981, uliotangazwa na Umoja wa Mataifa kuwa mwaka wa watu wenye ulemavu, wanawake wenye ulemavu, Lesley Hall akiwa miongoni mwao, walipanda na mabango jukwaani kwenye shindano la Miss Victoria, Melbourne. Naona walikuwa na haki. Mtoto aliyetangazwa kwa picha ya kusikitikiwa hukua, na siku anapoomba kazi mwajiri huikumbuka picha ile kabla hajasoma cheti chake.

Siku hizi njia zimebadilika. Wafanyakazi wa makampuni huunda timu na kutembea hatua 10,000 kwa siku katika kampeni ya Steptember, inayochangia watu wenye mtindio wa ubongo. Benki ya Macquarie ina mfuko wake wa hisani tangu 1985, na huongezea michango ya wafanyakazi wake. Sheria ya kodi nayo husaidia: anayetoa fedha kwa taasisi iliyoidhinishwa huruhusiwa kuzitoa katika mapato yanayotozwa kodi.

Fedha hizi zinakwenda wapi? Giant Steps, shule ya watoto wenye usonji iliyoanza mwaka 1995 na iliyoko Gladesville, huweka walimu na wataalamu wa tiba ya usemi na ya muziki katika darasa moja. Ruzuku ya serikali haitoshi kulipia utaratibu huo, kwa hiyo shule hutegemea wafadhili. Hapa ndipo makampuni mengi huteleza, huko na kwetu pia. Basi hupigwa rangi na nembo, jengo huwekewa kibao, hundi ya mfano hukabidhiwa mbele ya kamera, lakini mshahara wa mtaalamu hauna pa kubandikwa jina.

Mwaka 2023 swali la fedha hizi ziende wapi likawa zito zaidi. Tume ya Kifalme iliyochunguza unyanyasaji wa watu wenye ulemavu ilitoa ripoti yake, na makamishna sita wakagawanyika: watatu walitaka shule maalumu zifungwe hatua kwa hatua hadi mwaka 2051, mwenyekiti Ronald Sackville na wenzake wawili wakakataa, wakapendekeza zisogezwe karibu na shule za kawaida. Kampuni inayojenga bweni la shule maalumu leo inaegemea upande mmoja wa hoja hiyo, ijue isijue. Ningeishauri igharimie mafunzo ya walimu na vifaa vya kujifunzia, kwani hivyo vitamfuata mtoto popote atakaposomea.

Sehemu ya tatu itahusu Buigiri, Dodoma, shule ya wasioona iliyoanzishwa na Kanisa Anglikana mwaka 1950 katika dayosisi ambayo askofu wake wa kwanza, George Chambers, alitoka Sydney.