Nkambo akibadilika akili kwa ghafula, tafuta ugonjwa



Mara nyingi katika ukurasa huu tumesema juu ya kofia, viatu vya kazi, vumbi la mawe na maji ya kunywa. Leo tuache mgodi kidogo, tuingie nyumbani, katika chumba kile cha nyuma ambamo nkambo analala. Maana katika nyumba nyingi za kambi zetu kuna mzee: baba wa mfanyakazi aliyekwisha kuingia pansioni, ao mama wa bibi yake aliyetoka mugini kuja kusaidia kulea watoto. Na mzee ana namna yake ya kuugua, si kama ya kijana.

Kijana akipata malaria ao ugonjwa wa mapafu, mwili unawaka moto, anatetemeka, analalamika kichwa, kila mtu anaona. Mzee wa miaka 70 ao 80 anaweza kuwa na ugonjwa ule ule na mwili wake usipate moto hata kidogo. Hakohoi sana, hasemi anaumwa wapi. Kinachoonekana kwanza ni akili: anasema ovyo, hajui yuko wapi, anaona watu wasiokuwapo. Wanganga wanaita hali hiyo deliriumu. Nyumbani watu wanaipa majina mengine, na hapo ndipo hatari inapoanza.

Mfanyakazi mmoja wa kazi ya usiku alikuja dispanseri asubuhi, bado na nguo za kazi. Hakuja kutafuta dawa. Alikuja kuomba shauri, tena kwa sauti ya chini, akaomba mlango ufungwe. Baba yake, mzee aliyetumika chini ya udongo miaka mingi, alikuwa hakulala usiku mbili. Aliita wenzake wa zamani kwa majina, na wengine walikwisha kufa. Aliamuru watu wote watoke upesi kwa sababu jiwe linaanguka. Alimshika mjukuu wake mkono kwa nguvu, akimwita kwa jina la ndugu yake marehemu. Mtoto akalia, majirani wakasikia. Kesho yake mtoto mwingine wa nyumba ile akapata homa, na mbele ya jua kuzama neno lilikwisha kusemwa kwenye bomba la maji: mzee anaita wafu, mzee ni mlozi. Shemeji mmoja alikuwa anatafuta chumba cha maombi cha kumpeleka. Wengine walitaka arudishwe mugini siku ile ile.

Nilimwuliza swali moja tu: «Siku ya posho baba yako alikuwa namna gani?»

Akajibu: «Siku ya posho alikuwa mzima kabisa. Alitengeneza kiti, akacheza na watoto.»

Siku tulipokuwa tunasema ilikuwa kazi mbili. Basi mambo yote yalianza ndani ya siku tatu. Nikamwambia: juu ya ulozi tusibishane sasa, twende tumpime baba.

Termometa ilionyesha 36,8. Ndugu zake wakasema: «Unaona, infirmiye, hana homa, hii si ugonjwa wa lupitali.» Lakini tulipohesabu pumzi zake tukitazama saa, zilikuwa 32 kwa dakika moja, na ulimi wake ulikuwa mkavu kama karatasi. Tone la damu halikuonyesha malaria. Munganga aliposikiliza kifua, upande wa kuume chini, pafu lilikuwa limejaa. Mzee akapewa serumu, hewa na antibiotiki. Siku ya nne aliuliza sababu gani yuko lupitali, na nani amechukua kiti chake. Yule mtoto mwenye homa naye alipimwa: alikuwa na malaria, na malaria huletwa na mbu.

Mnauliza sababu gani mapafu yaugue na akili ndiyo iharibike? Ubongo unataka hewa, maji na sukari kila dakika, kama pompu ya mgodini inavyotaka umeme. Pompu mpya umeme ukipungua kidogo inaendelea kuvuta. Pompu ya zamani inasimama. Ugonjwa ukiingia mwilini, damu inajaa vitu vya vita kati ya mwili na vijidudu, hewa inapungua, maji yanapungua, na ubongo wa mzee hauna akiba ya kuvumilia. Tena mzee hasikii kiu kama sisi, anaweza kukauka bila kuomba maji. Na ule moto wa homa, ambao ni silaha ya mwili, kwa mzee unawaka kidogo ao hauwaki. Kwa hiyo termometa ikisema hakuna homa, msirudi nyumbani na furaha.

Watu wengi wananiambia: «Ni uzee tu, anasahau.» Hapana. Kusahau kwa uzee kunakuja polepole, kwa miezi na miaka, kama kutu kwenye chuma. Deliriumu inakuja kwa masaa ao siku chache, na haikai sawa: asubuhi mzee anasalimia vizuri, jioni anaanza kuvuta nguo na kutafuta njia ya kutoka, usiku ni fujo. Ndiyo sababu munganga akimwona asubuhi anaweza kudanganyika. Ninyi mliolala naye mseme yaliyotokea usiku, msione haya. Na mzee aliyekuwa anasahau tangu zamani anaweza kupata deliriumu juu ya kusahau kwake, tena kwa urahisi kuliko wengine. Swali ni lile lile: juma lililopita alikuwa namna gani?

Kuna kipimo kidogo ambacho hata mtu asiyesoma anaweza kukifanya. Mwambie nkambo kwa heshima ahesabu siku za juma kwa kurudi nyuma: yenga, posho, kazi tano, kazi ine, na kuendelea mpaka kazi moja. (Jaribu kwanza wewe mwenyewe, usicheke.) Mzee mwenye akili tulivu anaweza kukosa moja, lakini anashika njia. Mwenye deliriumu anaanza, anapotea, anatazama dirisha, anakuuliza ulisema nini. Hatupimi masomo yake. Tunapima kama anaweza kushika wazo moja mkononi bila kuliangusha.

Sasa nataka kusema juu ya aina ya pili, na hapa nitasema kosa langu mwenyewe. Si kila deliriumu ina kelele. Nyingine ni kimya. Mzee analala mchana, hajibu ao anajibu polepole, bukari inabaki kwenye sahani, macho yako wazi lakini hayakutazami. Watu wa nyumba wanashukuru: leo nkambo amepumzika. Mama wa mama yangu alikaa hivyo siku mbili kwetu. Mimi, niliyekuwa nafundisha wengine, nilipita mlangoni pake asubuhi na jioni, nikasema mwacheni apumzike. Siku ya tatu hakuweza kushika kikombe. Tulipoondoa kitambaa mguuni tukakuta kidonda chini ya kidole, kimeoza. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na hakuwa amesikia maumivu. Tulimpeleka lupitali. Alikufa juma lile. Tangu wakati ule mzee aliyenyamaza kwa ghafula ananitia woga kuliko yule anayepiga kelele.

Magonjwa yanayoleta hali hii ni mengi. Mapafu ni ya kwanza kutazamwa. Malaria pia, na hapa msikie vizuri: mtu mwenye malaria ambaye akili yake imepotea ana malaria kali. Huyo hatibiwi na vidonge vya soko. Anahitaji sindano ya artesunate katika lupitali, haraka. Kuna vidonda, hasa vya miguu na vya mgongo kwa mzee asiyetoka kitandani. Kuna tifoide, kuna magonjwa ya tumbo, kuna meninjiti. Mkojo nao unaweza kuwa na ugonjwa, lakini nasema neno moja juu yake: wamama wazee wengi wana vijidudu katika mkojo bila kuugua hata kidogo. Kipimo cha mkojo kikionyesha vijidudu, tusifunge kitabu upesi. Tuendelee kutazama kifua, damu na ngozi.

Na si maambukizo tu. Sukari ikishuka kwa mtu anayetumia dawa za sukari, akili inapotea, na kinini pia inaweza kushusha sukari. Mzee mwanamume anaweza kufungwa mkojo: tumbo chini ya kitovu linakuwa gumu, na anahangaika bila kueleza. Aliyekunywa pombe kila siku akaacha ghafula anaweza kuona nyoka ukutani. Kinywa kikipinda ao mkono mmoja ukilegea, ni ubongo umepigwa, msingoje hata saa moja. Tena katika baridi ya mwezi wa 6 na wa 7, huku kwetu Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, watu wanaweka mbabula ndani ya chumba na kufunga dirisha. Moshi wa makaa usioonekana unalevya akili na kuua. Mbabula ibaki nje, hata kama nkambo anasikia baridi, mwongezeeni blanketi.

Mambo ambayo ningependa yaachwe katika kambi zetu: kumfunga mzee kwa kamba, kumpa kidonge cha kulala cha jirani, na kumpiga lavema ya miti. Kamba inaongeza woga na vidonda. Kidonge cha kulala mara nyingi kinazidisha fujo ao kinamfanya asipumue vizuri. Lavema inamwondolea maji aliyokwisha kukosa. Tena msimlazimishe kunywa ao kula kama anasinzia, maana chakula kitaingia katika mapafu. Juu ya maombi, kila mtu ana imani yake, na kuomba pembeni ya kitanda hakumzuii mtu kupona. Lakini mzee mgonjwa asifungishwe chakula na maji, na asikae siku katika chumba cha maombi wakati pafu linajaa.

Mkingoja kupata gari, mtu mmoja anayemjua akae naye. Taa ndogo iwashwe. Asema kwa utulivu: «Nkambo, ni mimi mjukuu wako, uko nyumbani, ni usiku.» Kama anasema jiwe linaanguka, usibishane naye wala usikimbie naye, mwambie uko pamoja naye. Miwani yake apewe. Kama yuko macho kabisa na anameza vizuri, apewe maji kidogo kidogo.

Akili ikibadilika kwa ghafula, aletwe siku ile ile. Lakini usiku ule ule, bila kungoja jua, kama haamki ukimwita, kama pumzi zinapita 30 kwa dakika, kama shingo imekuwa ngumu, kama amepigwa na degedege, kama midomo inageuka rangi ao mikono imekuwa baridi, ao kama hakukojoa tangu asubuhi.

Neno juu ya siku zinazofuata, maana familia nyingi zinakata tamaa. Pafu linaweza kupona kwa juma moja na akili ikachelewa. Wengine wanarudi kwa siku chache, wengine kwa majuma mengi, na kuna wanaobaki nyuma kidogo ya pale walipokuwa. Yule mzee wa kiti alirudi nyumbani, anatembea, anachonga. Lakini mjukuu aliyeshikwa mkono hajakubali tena kulala karibu naye, na kwenye bomba wako watu ambao bado wananyamaza akipita. Kwa jambo hilo dispanseri haina sindano.

Mkija, leteni dawa zote anazotumia katika mfuko mmoja: vidonge vya tansio, vya sukari, chupa, mizizi, hata zile mnazoona haya kuonyesha. Hatutagomba. Na yule anayelala naye chumba kimoja, hata akiwa mtoto wa miaka 10, aje pamoja naye, kwa kuwa ndiye anayejua ilianza saa ngapi.